Mikono ya Samia

Jumanne, 1 Oktoba

Bomba la kituo limekohoa mara mbili asubuhi, likatema tope, likanyamaza. Wiki ya tatu hii. Lusiana, mhudumu wetu wa usafi, ameleta madumu manne kutoka kisimani, akasema kule foleni wanatukanana tangu alfajiri. Daftari langu la zamani limejaa malalamiko matupu, nimenunua jipya, na sidhani kama hili litajaa kitu kingine. Miaka thelathini na moja ya unesi, minne ya mwisho katika wodi hii ya watoto njiti, kando ya barabara ya kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa. Vitanda sita, mashine moja ya oksijeni, na mimi Gaudensia, mwenye miguu inayovimba ikifika saa nane mchana.

Jumatano, 2 Oktoba

Joto. Hakuna jipya.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimepokea pacha wa miezi saba. Mama yao anaitwa Samia, wa Marambo, miaka ishirini na mmoja, uzazi wa kwanza. Uchungu ulimkuta anabangua korosho. Amepakiwa kwenye pikipiki katikati ya mumewe na mama mkwe, nusura wa kwanza azaliwe njiani. Wa kiume wote wawili. Tumewaita Kulwa na Doto, kama tunavyowaita pacha wote hapa mpaka wenyewe walete majina. Kulwa gramu 1,250, Doto 1,480. Doto anahema vizuri mwenyewe. Kulwa kila akihema mbavu zinaingia ndani, nimemwekea mipira ya oksijeni puani.

Mikono ya huyo mama imenishtua. Vidole vyeusi mpaka viganjani, ngozi imebabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho. Nimemsugua mwenyewe kwa sabuni na mswaki. Weusi haukutoka. Ameniambia hautoki mpaka ngozi ile ibambuke iote nyingine. Nikamwambia aendelee kusugua.

Ijumaa, 4 Oktoba

Pacha wote hai. Samia amewabeba kifuani kwa zamu, ngozi kwa ngozi, nikamfunga khanga. Anajua kukaa kimya. Wa hivyo hawanisumbui.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimekosa misa tena. Nimeshika zamu ya mwenzangu aliyekwenda kuokota korosho zake, na simlaumu, ningekuwa na mikorosho na mimi ningekwenda.

Niandike jambo moja ninalojivunia, maana ni machache. Mashine ya oksijeni ina chupa ya plastiki yenye maji. Hewa hupita kwenye maji yale ikitoa mapovu, ndipo iende kwa mtoto, isimkaushe pua. Karatasi ya ukutani inasema kila siku mwaga maji yote, osha chupa kwa dawa, ikaushe, weka maji mapya yaliyochemshwa. Aliyeandika karatasi ile hajawahi kuishi huku mwezi wa kumi. Hayo maji ya kuoshea chupa yatoke wapi? Mimi nachemsha maji kwangu, nayaleta kwenye chupa ya chai, na kila asubuhi naongezea mpaka kwenye mstari. Mtungi wa mama yangu kule Masasi ulikuwa hivyo hivyo. Kiangazi chote hakuna aliyethubutu kuumwaga, tuliongezea juu tu, na maji yalikuwa matamu. Leo Daktari Sadiki amenikuta nikimimina, akasema angekuwa na manesi watano kama mimi angekuwa analala usingizi. Ana miaka ishirini na nane na anamsifu kila mtu. Hata hivyo nilifurahi.

Jumanne, 8 Oktoba

Shehe, mume wa Samia, ameleta uji, akawatazama wanawe kama dakika tano, akarudi shamba. Korosho zinadondoka, asipoziokota zinaokotwa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kulwa amebadilika. Jana alikuwa ananyonya kidole changu, leo hataki. Anaguna kila anapotoa pumzi na mwili una baridi. Daktari amemsikiliza kifua, akaniangalia, na nilishajua. Nimonia. Tumeanza ampisilini na jentamaisini. Mshipa nimeupata kichwani baada ya kuchoma mara nne, huku Samia amegeukia ukutani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Hali mbaya. Nimeongeza oksijeni.

Leo nimefanya jambo ambalo ulimi wangu hulifanya nikichoka. Nimemkuta Samia ameingiza kidole kwenye kiganja cha Kulwa, mtoto amekishika. Nikaona weusi ule kwenye kile kiganja kidogo, nikawaka. Nikauinua mkono wake mbele ya kina mama wote, nikasema: "Mikono hii ndiyo unamshikia mtoto wa kilo moja? Unamlisha uchafu wa shambani halafu unashangaa anaumwa."

Alisema amenawa. Nikamwambia simwoni aliyenawa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kulwa amefariki saa nne asubuhi. Siku tisa tu.

Shehe alikuja na wanaume watatu na mama yake, Bi Hajra, mwanamke mzee mwembamba anayesema Kimwera na Kiswahili cha kuombea maji tu. Bi Hajra alimwuliza mwanawe, mwanawe akaniuliza mimi, kitu gani kimemuua mtoto. Nikasema nimonia, vijidudu vimeingia kwenye mapafu. Wakauliza vimetoka wapi. Nikasema mara nyingi vinapita mikononi. Sikumtaja mtu. Lakini nilimtazama Samia, na wote wakatazama nilipotazama. Shehe alimtafsiria mama yake kwa maneno machache. Bi Hajra akachukua maiti, akaifunga, wakaondoka bila kumuaga yule binti.

Jumatatu, 14 Oktoba

Doto 1,470.

Jumatano, 16 Oktoba

Samia hataki kumbeba mtoto. Anakamua maziwa kikombeni, ananipa, anakaa pembeni na mikono ameiweka chini ya khanga. Nimemwambia mtoto anahitaji joto la kifua chake, hapa hatuna mashine ya kupasha joto. Akasema, "Mbebe wewe, sista. Wewe mikono yako safi." Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejua la kumjibu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Doto 1,430. Nimemfunika mablanketi mawili na chupa za maji ya moto pembeni. Shehe hajaja tangu mazishi. Lusiana, ambaye husikia kila kitu kisimani, anasema kule Marambo wameambiana kuwa Samia amemuua mtoto kwa uzembe, na kwamba akirudi hatashika chungu cha mtu.

Jumatatu, 21 Oktoba

Amelazwa Zena wa Chinongwe, fundi cherehani, na binti yake wa gramu 1,600. Mtoto amezaliwa amechoka. Nimemwekea oksijeni. Chupa nimeongezea maji asubuhi kama kawaida.

Doto 1,390. Nimembeba mwenyewe kifuani saa nzima ya chakula. Mtoto alitulia, mimi mgongo ukaniuma mpaka jioni. Siwezi kuwa mama wa mtu kwa saa ishirini na nne.

Jumanne, 22 Oktoba

Maneno mengi, mikutano miwili ya kituo. Maji hakuna.

Alhamisi, 24 Oktoba

Joto lile lile. Mawingu yamekusanyika upande wa Ruangwa, yametudanganya, yakaenda zake.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mtoto wa Zena anaguna.

Siku ya nne tangu awekwe oksijeni. Nilisimama pale na kipimajoto mkononi, nikamtazama Zena. Mikono ya Zena ni laini, ya mtu wa sindano na uzi, inanukia sabuni. Nikasema basi ameambukizwa na Samia. Lakini Samia hajamgusa hata mwanawe, atamgusaje wa Zena? Nikakaa kitini. Wazo likaja taratibu, wala sikulitaka. Wiki nzima Samia aliwabeba Kulwa na Doto kwa mikono ile ile, kwa zamu, siku moja huyu siku moja yule. Kulwa amekufa na nimonia. Doto hajakohoa hata mara moja. Kitu alichokuwa nacho Kulwa ambacho Doto hakuwa nacho ni kimoja tu, na sasa mtoto wa Zena anacho.

Nilimtoa mtoto kwenye mashine nikamwekea mtungi wa oksijeni wa akiba, usiopitia chupa ile. Kisha nikafungua chupa, nikaingiza kidole. Ndani kulikuwa na utelezi. Ule utelezi wa ndani ya mtungi wa mama yangu, ambao tukiwa watoto tulikuwa tunauchora kwa kucha. Maji nilichemsha kweli, kila siku nilichemsha. Nikayamimina juu ya uozo.

Nikamwaga yote nje kwenye mchanga. Lusiana aliniona, akashika kichwa kwa maji kupotea.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimemwambia Daktari Sadiki. Nilidhani atafoka, ningependa afoke. Akachukua kijiti cha sampuli, akafuta ndani ya chupa, akaandika karatasi ya maabara kubwa. Amebadilisha dawa za mtoto wa Zena. Akasema majibu yatachukua siku kumi au zaidi, na kabla ya hapo nisimwambie mama yeyote, tusije tukazua taharuki kwa dhana. Nikasema sawa, daktari. Niandike hapa ukweli: niliposema sawa nilipumua kama mtu aliyetuliwa gunia.

Jumapili, 27 Oktoba

Misa nimekwenda. Komunyo sikupokea.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mtoto wa Zena anaguna kidogo kuliko jana. Doto 1,340. Ubaridi, nyuzi thelathini na tano na nusu. Anatema maziwa.

Jumanne, 29 Oktoba

Doto 1,310.

Daktari amesema wazi: mtoto huyu haumwi, anapoa. Asipobebwa mchana na usiku hafiki Novemba. Ameongea na Samia taratibu, kisomi, akamwonesha picha za kina mama wamebeba njiti vifuani. Samia alisikiliza yote. Akasema, "Nimeelewa, daktari. Lakini huyu ndiye amebaki." Akairudisha mikono chini ya khanga.

Jumatano, 30 Oktoba

Leo niandike yote, nikiacha nitajidanganya baadaye.

Nilifika saa moja asubuhi. Doto alikuwa wa rangi ya majivu kuzunguka mdomo. Nikampima, sikutaka hata kuandika namba. Majibu ya maabara hayajaja. Nikajiambia nisubiri, daktari ameagiza, mimi ni mtumishi, nina miaka miwili nistaafu. Nikajiambia hayo yote nikimfunga Doto blanketi la tatu ambalo halimsaidii kitu. Kisha nikamchukua, nikaenda kukaa kitandani kwa Samia. Wodi nzima ilikuwa macho, Zena anamkamulia binti yake maziwa. Nilitaka kumwita Samia nje. Lakini nilipomuaibisha sikumwita nje.

Nikasema: "Samia, mikono yako haikumuua Kulwa. Ni mimi."

Hakunitazama. Nadhani alifikiri namfariji, wazee tunasema hivyo. Ikabidi nimweleze kila kitu, chupa ile, maji yale, kuongezea bila kumwaga, karatasi ya ukutani niliyoipita kila siku. Nikamwambia mikono yake ilikuwa safi tangu siku ya kwanza, kwamba nilimsugua mwenyewe kwa mswaki na nikauona weusi tu. Nikamwambia kuna mtoto mwingine ameugua, wa Zena, na Zena nikamgeukia nikamwambia na yeye pale pale. Zena akaacha kukamua.

Samia akauliza kama nilikuwa najua siku ile nilipouinua mkono wake. Nikasema sikujua. Akauliza nimejua lini. Hapo nilitaka sana kusema jana.

"Ijumaa," nikasema.

Akahesabu, nikamwona anahesabu. Siku tano. Doto kapoteza gramu ngapi kwa siku tano, anajua, kila asubuhi anaisikia mizani nikiisoma kwa sauti. Akatoa mikono chini ya khanga. Ngozi nyeusi ilikuwa imeanza kubambuka, chini yake nyekundu ya mtoto mchanga. Akafungua vifungo vya gauni, akamchukua Doto mikononi mwangu, akamlaza kifuani. Akasema, "Toka hapa, sista."

Nikatoka. Nililia stoo ya dawa, nikajifuta, nikarudi kazini kwa sababu hakuna mwingine.

Alhamisi, 31 Oktoba

Daktari amekasirika kwa kuwa sikusubiri. Ana haki. Mume wa Zena amekuja akapiga kelele kwenye korido, naye ana haki.

Jumamosi, 2 Novemba

Doto 1,300. Joto thelathini na sita na nne. Samia hamtoi kifuani hata anapokula.

Jumanne, 5 Novemba

Doto 1,330. Nimeisoma mizani mara mbili.

Ijumaa, 8 Novemba

Majibu yamekuja. Bakteria wa majini, jina refu, wamejaa kwenye ile chupa. Daktari alikuwa ameandika kwenye ripoti kwamba chanzo ni upungufu wa maji kituoni. Nimemwambia aandike na kuongezea bila kuosha, na aandike nani. Akasema jina si lazima. Ripoti ya wilaya imekwenda bila jina. Barua yangu nimeipeleka mwenyewe kwa mganga mfawidhi, kurasa mbili. Sasa nasubiri. Chupa zipo mbili, moja inatumika, nyingine inakauka juani, na Lusiana ndiye anazimwaga. Nimemwomba azimwage mbele yangu.

Jumatano, 13 Novemba

Mtoto wa Zena ametoka. Zena amemshukuru daktari na Lusiana.

Jumatatu, 18 Novemba

Doto 1,560. Joto la kuchosha. Samia ananijibu ninapomwuliza kuhusu mtoto. Vingine hajibu.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua. Dakika ishirini, kubwa, chini ya mabati hatusikilizani. Kina mama walitoa ndoo zote nje. Mimi nilikaa tu.

Ijumaa, 29 Novemba

Doto 1,850, anaruhusiwa kesho. Shehe ameambiwa kwa simu, amesema atatuma pikipiki. Hatakuja mwenyewe.

Jioni Samia aliniita. Mara ya kwanza mwezi mzima. Akasema alishamweleza Shehe kwa simu habari ya chupa, na Shehe amejibu kwamba manesi wanamtetea. Mama mkwe hataki amlaze mtoto nyumba kubwa. Shehe anasema yeye hana neno, ila mama yake akikataa na yeye atafanya nini. Maana yake nimeielewa: akirudi hivi hivi, watamnyang'anya mtoto wamlee wao, na yeye arudi kwao.

"Uliniinulia mkono mbele ya watu," akasema. "Njoo useme mbele ya watu."

Nikamwambia nitakuja Jumamosi ya pili, nikiwa na mapumziko. Akasema, "Kesho." Basi kesho.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimebadilishana zamu, wamenuna. Tulikwenda pikipiki moja mimi na Samia na Doto kifuani, udongo mwekundu umelowa, tukashuka mara tatu kusukuma.

Walikuwa wameketi barazani, Shehe, Bi Hajra, na majirani kama saba waliojua tunakuja. Mikeka ya korosho imeanikwa uani. Nilipewa kiti. Samia hakupewa, akasimama na mtoto. Nilisimama na mimi.

Nikasema kwa Kiswahili nilichokipanga njia nzima. Kwamba mimi ndiye nesi wa wodi ile, kwa miaka minne sasa. Kwamba mtoto wa kwanza aliuawa na maji machafu ya chupa ya hewa, na chupa ile niliiangalia mimi, na sikuiosha. Kwamba nilimsingizia mama yake. Shehe aliinamisha kichwa. Majirani walielewa, nikasikia minong'ono. Bi Hajra alinitazama mdomo, hakuelewa. Akamgeukia mwanawe atafsiri, na Shehe hakufungua mdomo. Sijui ni aibu au ni woga.

Samia ndiye aliyetafsiri. Akasema kwa Kimwera, polepole, sauti inatetemeka. Mimi ni Mmakua, maneno mengi hayakuniingia, lakini nilisikia jina langu ndani yake. Bi Hajra akauliza kitu. Samia akarudia. Bi Hajra akauliza tena, mkali zaidi, na safari hii Samia alipaza sauti mpaka Doto akaamka, akanyoosha mikono yake yote miwili mbele ya mama mkwe, ngozi mpya nyekundu, akasema yote tangu mwanzo, na hakutetemeka. Sikuwahi kuisikia sauti ile wodini siku hamsini na nane.

Bi Hajra akasogea kwenye mkeka, akapapasa nafasi pembeni yake. Samia akakaa na mtoto wake. Hakumpa mtu.

Nikadhani yameisha. Nikaanza kuchukua mkoba. Ndipo Bi Hajra akanitazama mimi, akasema maneno mawili matatu, taratibu, bila ukali wowote. Nikamwuliza Samia anasemaje.

"Anauliza wako wangapi."

"Wangapi nini?"

"Watoto," akasema Samia. "Umesema una miaka minne kwenye wodi ile. Anauliza wa chupa ile wako wangapi."

Nikafikiria viangazi vinne. Nikafikiria majina yaliyo kwenye rejista, ambayo mengine niliyaandika mwenyewe, nimonia, nimonia, na kina mama niliowafokea. Watu wote barazani walikuwa wananisubiri.

Nikasema sijui.

Samia akamtafsiria. Hata kwa Kimwera ni neno moja tu.